Kadi ya mtoto wa kibarua

Sisi Waislamu katika kuhesabu miaka yetu hatukuanzia siku aliyozaliwa Mtume wetu (S.A.W.), wala siku aliyoteremshiwa Wahyi. Katika enzi ya Sayyidna Umar, Masahaba walipokaa kutafuta mwanzo wa tarehe, waliafikiana waanzie kule kuhama kutoka Makka kwenda Madina. Kwa hiyo kila tunapoandika mwaka wa Hijria, juu ya barua au juu ya jiwe la kaburi, tunakumbushana kwamba jamii yetu ilijengwa na watu waliofunga virago wakaenda kuishi ugenini.

Na hao Muhajirina hawakukaa sana Madina ila waliugua. Mji ulikuwa na homa zake, wenyeji wamezizoea, wageni hawajazizoea. Sayyidna Abubakar alilala, Bilali alilala, na Bi Aisha ndiye aliyekuwa akienda kuwajulia hali. Mtume akawaombea wao na mji wao afya. Ansari nao waliwapokea majumbani mwao, wakagawana nao walichokuwa nacho. Hatujapata kusikia kwamba mgonjwa aliulizwa kwanza: wewe umeandikwa wapi?

Nimeyatanguliza hayo, ndugu msomaji, kwa kuwa leo nataka tuuache mwambao kidogo, tupande bara hadi Bonde la Ufa, tukawatazame wahamiaji wa zama zetu. Tukifika tusiwatazame watu wazima peke yao. Tuwatazame watoto wao wachanga, na tuulize kwa nini mtoto wa mtu anayehama hukosa sindano ambayo mtoto wa jirani yake aliyetulia huipata bila ya taabu.

Rongai ninayoisema si ile Ongata Rongai iliyo jirani na Nairobi. Ni Rongai ya Nakuru, yapata kilomita 30 magharibi ya mji huo, kwenye njia ya reli iliyojengwa katika miaka ya 1920 kupandia Eldoret na kuendelea Uganda. Ukiiacha Rongai ukaelekea kaskazini, pande za Solai na Mogotio, nchi inateremka, joto linazidi, na mahindi yanaupisha mkonge. Huko ndiko yaliko mashamba yenye majina kama Banita, Majani Mingi na Athinai. Hilo la mwisho ndilo jina Wagiriki wanaloliitia jiji lao kuu, na si ajabu, maana Wagiriki walikuwa miongoni mwa waliolima mkonge katika Afrika ya Mashariki.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta Tanga kwa kuupitisha Florida na Hamburg, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Basi mmea ulihama, mwenye shamba alihama, na mkataji naye akahama. Watu wa Tanga waliwaita wakataji hao manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikwa kwa namba yake. Huko Rongai na Mogotio utawakuta Waturkana, Waluhya, Wajaluo, Wakisii na watu wa Baringo. Wako waliozaliwa humo humo kambini, baba zao na babu zao wakiwa ndio waliokuja. Wako waliofika mwezi jana. Na wako watakaoondoka mwezi ujao, mara tu watakaposikia kwamba shamba fulani linaandika vibarua.

SAFARI SITA

Tuhesabu pamoja. Katika Kenya mtoto huchanjwa anapozaliwa kumkinga na kifua kikuu, na hutiwa kinywani matone ya kuzuia kupooza. Kisha hurudishwa akitimiza wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kwa sindano moja inayokusanya kinga ya maradhi matano, yakiwemo dondakoo, kifaduro na pepopunda, pamoja na kinga za kichomi, kuhara na kupooza. Hurudishwa tena akifika miezi 9 kwa ajili ya surua na rubela, na mara ya mwisho akifika miezi 18. Hizo ni safari sita, mbali na matone ya vitamini, na mbali na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa mwaka 2019 katika sehemu za magharibi.

Kwa mama anayekaa mtaa mmoja, safari sita ni jambo la kawaida. Hebu mfikirie yule wa kambini. Simtaji jina kwa sababu si mmoja. Amejifungua usiku chumbani mwake, mkononi mwa mkunga wa kambi, na sindano ya kwanza imempita. Mtoto anapotimiza wiki 6 wako Banita. Akitimiza 14, mumewe amepata kibarua cha kuvuna mahindi upande wa pili wa Rongai. Akifika miezi 9 wamekwenda Naivasha kwenye mashamba ya maua. Kila wanapohama, kule walikotoka hubaki rejesta yenye jina la mtoto na mstari mtupu mbele yake. Mwenye kuisoma rejesta husema mama huyu ni mtoro. Lakini hakutoroka. Alifuata kazi, na kazi ndiyo iliyompeleka mbali na kliniki.

Na wako waliohama kwa nguvu. Katika fujo za baada ya uchaguzi, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, Bonde la Ufa liliwaka moto. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini na malaki wakakimbia, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya mahema. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai usiku, maji yakachukua nyumba na roho za watu zaidi ya 40. Aliyetoka motoni au majini hutoka na mtoto mgongoni. Kadi ya kliniki hubaki nyuma pamoja na kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.

CHUPA NA SIKU YA KAZI

Watu wengi hudhani kizuizi ni ujinga: ati hawa hawajui faida ya chanjo. Waama, wako wasiojua. Lakini mama wa kambini akiuliza, mara nyingi swali lake si kama chanjo ni nzuri. Swali lake ni: nitakwenda lini?

Mkata mkonge hulipwa kwa alichokata. Asipokata halipwi. Kliniki hufunguliwa asubuhi siku za kazi, saa zile zile ambazo yeye yuko shambani. Kwenda kliniki maana yake ni nauli ya pikipiki na ujira wa siku uliopotea. Chanjo ni bure katika zahanati za serikali, hilo ni kweli na ni jambo la kushukuru. Lakini ubure huo unaanzia mlangoni mwa zahanati, na gharama ya mama inaanzia mlangoni mwa chumba chake.

Tena liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo ni chupa. Chanjo ya kifua kikuu huja katika chupa moja ya watoto 20. Ya surua na rubela huja katika chupa ya watoto 10. Chanjo hizi huhifadhiwa katika baridi ya kati ya digrii 2 na 8, na chupa ya namna hii ikishafunguliwa haina maisha zaidi ya saa sita, kisha humwagwa. Muuguzi mwenye huruma na mali ya umma huona uzito kuifungua chupa ya watoto 10 kwa ajili ya mtoto mmoja. Humwambia mama: rudi Alhamisi, tutakuwa na watoto wengi. Kwa mwenyeji, Alhamisi ni kesho kutwa. Kwa kibarua, Alhamisi ni siku nyingine ya ujira iliyokatwa, na huenda akawa yuko shamba jingine. Mwaka 2025, chanjo za kifua kikuu na kupooza zilipoadimika nchini, maneno hayo ya rudi wiki ijayo yaliwafika akina mama wa kila aina. Aliyetulia alirudi. Anayehama hakuwa na wiki ijayo mahali pale.

Liongeze na suala la karatasi. Bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024 inataka mtu ajiandikishe kwa kitambulisho, na asiye na mshahara wa mwezi anatozwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Chanjo za watoto hazihitaji bima hiyo. Lakini mama aliyerudishwa jana kwa kukosa karatasi alipotaka kutibiwa tumbo, leo hataamini kwamba kwa mtoto hataulizwa karatasi. Na kama ni Mturkana aliyetoka kwao karibuni, na Kiswahili chake ni cha kuungaunga, hata huko kuuliza ni mlima.

Hapa historia ina neno la kutuambia. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika avae kipande, karatasi ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole vyake, na kila mwajiri aliyemfanyia kazi. Akitoroka shamba moja, alitafutwa hadi la pili. Lilikuwa jambo la dhuluma, na wazee wetu walipigana nalo. Lakini linatufundisha hili: dola ilipomhitaji kibarua kwa jasho lake, ilijua namna ya kumfuata. Haikusema kwamba watu wanaohama ni vigumu kuwapata. Leo anayehitajiwa kufuatwa ni mtoto wake, kwa kheri yake, basi iweje tuambiwe hawapatikani?

WAWILI KATIKA KUMI

Utafiti wa serikali wa mwaka 2022 juu ya afya na idadi ya watu ulionyesha kwamba watoto wanane katika kila kumi, wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili, walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Ni kazi kubwa, na wauguzi wetu wanastahili pongezi. Lakini wawili waliobaki ni nani? Laiti wangekuwa wametawanyika, mmoja hapa na mmoja pale, hatari ingekuwa ndogo. Aghalabu wamekusanyika pamoja: katika kambi moja, kijiji kimoja, mtaa mmoja wa mabanda.

Na surua hupenda mkusanyiko. Mgonjwa mmoja akiingia pasipo na kinga aweza kuwaambukiza watu 12 hata 18. Ndiyo maana wataalamu wanataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa, ndipo maradhi yakose pa kupita. Kambi moja iliyosahauliwa ni tundu la jahazi. Jahazi haliulizi tundu liko upande wa nahodha au upande wa baharia.

MPISHI WA MERKA

Iko hadithi ya kweli iliyotokea katika mwambao wetu huu huu, upande wa Banadiri. Mwezi Oktoba 1977, katika mji wa Merka, Somalia, kijana mmoja mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin, alipanda gari kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka watoto wawili wa wafugaji wahamaji kwenye kambi ya wagonjwa wa ndui. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Ali alikuwa akifanya kazi hospitalini lakini hakuwa amechanjwa barabara. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Siku si nyingi akatoka ndui.

Alipona. Na mtu huyo ndiye wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Maelfu kwa maelfu walichanjwa Merka kuuzingira ugonjwa, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni.

Wazee waliosalia wanaijua ndui na makovu yake. Iliua wafalme na watumwa miaka maelfu. Na ngome yake ya mwisho ilikuwa nini? Ilikuwa ni wahamaji wa Ogaden na Somalia, waliokuwa leo hapa na kesho pale pamoja na ngamia wao. Ndui haikushindwa kwa kuwangoja wahamaji hao waje mjini. Ilishindwa pale watu wa chanjo walipotoka na kuwafuata malishoni, kambi baada ya kambi, wakiulizia penye mgonjwa na kumchanja kila aliyekuwa karibu naye.

Ali mwenyewe aliingia katika kazi ya chanjo ya kupooza. Alikuwa akiwaeleza wazazi wenye shaka yaliyompata yeye alipoikwepa sindano. Alifariki Julai 2013 akiwa bado katika kazi hiyo.

Shaka nayo tusiidharau. Mwaka 2003 katika jimbo la Kano, Nigeria, matone ya kupooza yalisimamishwa kwa uvumi kwamba yametiwa dawa ya kufunga uzazi. Maradhi yakatoka huko yakaenea, hata mwaka 2005 yakafika Yemen na Indonesia. Kano walikwisha kurudia chanjo mwaka 2004, walipoletewa matone yaliyotengenezwa na Waislamu wenzao wa Indonesia. Wala si Waislamu peke yao: hapa Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walitoa madai kama hayo juu ya chanjo ya pepopunda, na serikali ikayakana. Uvumi hustawi pale ambapo mwenye sindano ni mgeni anayekuja mara moja na gari, akaondoka asionekane tena. Anayeijua lugha ya kambi, na kesho yuko pale pale, huyo huaminiwa.

NA HUKU KWETU?

Asije mtu akasema haya ni ya bara. Makonde wa Kwale waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Wakazaa, wakajukuu, na bado wakahesabiwa si raia, hadi mwaka 2016 walipotoka Kwale kwa maandamano kwenda Nairobi kudai haki yao na wakakubaliwa. Ndugu zetu Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi tunaoswali nao safu moja, hawakutambuliwa kuwa raia hadi mwaka 2023. Miaka yote hiyo, asiye na kitambulisho hakuweza hata kujiandikisha katika bima ya hospitali. Tulikula samaki wao kila siku. Wangapi katika sisi tuliuliza kama watoto wao wana kadi?

Na mfano mwingine tunao wenyewe. Anayekwenda Hija hachagui: kinga ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la Saudia. Hakuna asemaye kwamba hujaji ni msafiri na msafiri hapatikani. Tumemngoja kwenye lango la safari yake, na hapo tukamchanja. Basi kibarua naye ana lango lake, nalo ni lango la shamba, siku anapoandikwa kazi.

LIFANYIKE NINI

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata afya bora kadiri iwezekanavyo. Imesema kila mtu. Haikusema kila mkazi wa kudumu.

Kwanza, siku. Muuguzi aende kambini Jumapili au jioni ya siku ya mshahara, wakati watu wote wapo. Pili, chupa. Ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja anayepita njia, kwani kumwaga dozi tisa si hasara kama kumzika mtoto mmoja. Tatu, kadi. Aliyekuja bila kadi aandikiwe nyingine na achanjwe siku ile ile, asitumwe Naivasha kuitafuta ya zamani. Nne, mwenye shamba. Atoe saa chache bila kukata ujira, na siku ya kumwandika kibarua amwulize: una mtoto mchanga? Amwulize ili amwelekeze, si ili amnyime kazi. Tano, mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja, waende nyumba kwa nyumba. Basi kambi za mkonge nazo ni nyumba. Wachaguliwe humo humo, na awemo anayesema Kiturkana.

Na sisi je? Msikiti ulio karibu na kambi, iwe ni Nakuru au Vipingo, unaweza kutangaza siku ya chanjo baada ya swala ya Ijumaa, na mwenye gari akatoa gari lake. Ansari hawakungoja bajeti.

Kwa desturi ya ukurasa huu, naliweka neno langu katika ubeti mmoja:

Kibarua msafiri, hawezi siku kungoja,
Chupa nayo husubiri, haifunguki kwa moja,
Si kwamba ana kiburi, wala hakukosa haja,
Tumwendee ndio kheri, sio kumngoja kuja.

Nyuzi za mkonge wa Rongai na Mogotio hukaushwa, zikafungwa marobota, zikateremshwa Mombasa kwenda ng'ambo. Kila robota lina karatasi yake inayoeleza limetoka shamba gani na linakwenda wapi, na likipotea njiani hutafutwa hadi lionekane. Mtoto wa aliyeukata mkonge huo anastahili angalau hima ile ile.